Sarafu za Babu

Binamu yangu aliyeko Toronto alimnunulia babu yetu sarafu mbili za fedha, na kazi ya kuzifikisha Majimoto ikaniangukia mimi. Ilikuwa mwaka 2019. Majimoto nilikuwa nikipasikia tu kwa baba. Sikuwahi hata kufika Mpanda.

Usiku wa kuamkia safari nilizifungua, nizitazame. Upande mmoja Malkia Elizabeth, upande wa pili lile jani la kwenye bendera ya Kanada, na mwaka 2014. Kila moja ina gramu 31.1 za fedha tupu, asilimia 99.99. Hazikuwahi kuingia mfukoni mwa mtu, zilitoka kiwandani zikaingia kwenye vikasha vya plastiki. Lakini shavuni mwa Malkia palikuwa na doa jeupe, na mengine matatu kwenye jani, kama maziwa yaliyokaukia kikombeni. Ya pili nayo vilevile.

Nikaona aibu. Mtu wa miaka themanini nimpelekee zawadi yenye ukoko? Nikachukua dawa ya meno na kitambaa, nikaisugua moja robo saa nzima. Doa halikutoka. Kilichotoka ni ule mng'ao wake wa kioo, pakabaki mikwaruzo ya mviringo, na doa katikati yake limetulia tu.

Alfajiri nilimpigia sonara wa Kariakoo anayemtengenezea mama bangili. Aliguna kabla sijamaliza. “Dada, hiyo ya pili usiiguse.” Akanieleza kwamba fedha ikiwa nyeusi, hiyo ni salfa: ya hewani, ya mpira wa kufungia noti, hata ya yai. Weusi huo unatoka; maji ya moto, magadi na karatasi ya alumini vinatosha. Madoa meupe ni jambo jingine. Maelezo yanayotolewa zaidi ni kwamba vile visahani vitupu, kabla havijapigwa chapa, huoshwa kwa dawa na kupashwa moto. Mabaki ya dawa yakiokwa humo, doa hujitokeza baadaye, pengine baada ya miezi. Limo ndani ya uso wa sarafu. Ukilisugua unakula fedha yenyewe. Baadaye nilisoma kwamba kiwanda cha sarafu cha Kanada kilitangaza mwaka 2018 mbinu ya kupunguza madoa hayo, kikaiita MintShield. Za babu ziliwahi mno.

Nikapanda treni na mzigo wangu wa aibu. Tabora mabehewa ya Mpanda yalikatwa, tukangoja, tukafungwa kwenye kichwa kingine. Kaliua tukaiacha njia ya Kigoma tukashika kusini, miombo kulia, miombo kushoto, na wauza asali madirishani. Mzee mmoja niliyekaa naye akaniuliza kama najua reli hii ilijengewa nani. Nikasema abiria. Akacheka. Ilifika Mpanda mwaka 1950 kufuata mawe ya Mukwamba, risasi iliyochanganyika na fedha na dhahabu. Mgodi ukafungwa mwaka 1960. Reli ikabaki na sisi.

Kutoka Mpanda ni basi. Sitalike viboko wamelala mtoni wamebanana kama magunia, kisha Hifadhi ya Katavi, ambako kila dirisha linafungwa haraka kwa sababu ya mbung'o, joto liwe lilivyo. Kibaoni, halafu vumbi, halafu majaruba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa. Niliteremka Majimoto nikiwa mwekundu mpaka kope.

“Shikamoo babu.”

“Marahaba mke wangu. Umechelewa, ningeshaoa mwingine.”

Baada ya wali na samaki nilizitoa. Alizipima mkononi moja moja, muda mrefu. Ndipo nilipojua kwa nini binamu yangu alichagua fedha: babu alifanya kazi Mukwamba miaka miwili ya mwisho, akisukuma vitoroli. Mawe mazito yanayometa yalipita mikononi mwake, yakapakiwa, yakaondoka. Fedha yenyewe hakuwahi kuiona. “Tuliambiwa imo humo,” alisema. “Sisi tuliona jiwe.”

Nikakiri habari ya dawa ya meno. Aliziinamisha kwenye mwanga wa taa, hii kisha ile.

“Hii wameikosea wao,” akasema akishika yenye madoa. “Hiyo umeikosea wewe. Rudi nayo.”

Kesho yake tulikwenda kwenye chemchemi iliyopapa mahali hapa jina. Nilishawishika kuichovya ile sarafu yangu, nione. Babu alinitazama tu, nikairudisha kwenye kikasha.

Yake aliiacha kwenye plastiki yake na madoa yake yote manne, akaifungia sandukuni pamoja na kadi ya TANU. Yangu niliipeleka Kariakoo. Sonara aliiweka kwenye mizani, akanitajia bei ya gramu 31. Nikamuuliza ile ya babu, isiyosuguliwa, angeinunua kwa kiasi gani.

“Bei hiyohiyo,” alisema. “Mkusanyaji wa sarafu ndiye anayehesabu madoa na mikwaruzo. Mimi nayeyusha.”