Kupona au Kutulia? Neno Moja na Figo za Senge

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Kwetu Keringet, katika nyanda za juu za Kuresoi, kisukari hakifichwi tena. Hutajwa waziwazi kwenye foleni za maziwa na katika mashamba ya viazi na majani chai. Kinachonishughulisha katika makala haya ni jina tunaloipa hali ya mgonjwa pindi maradhi hayo yanapomwachilia.

Shangazi yangu, ambaye sisi Wakipsigis humwita senge, aliishi na kisukari cha aina ya pili kwa miaka mingi. Uzito wake ulikuwa umezidi, na mkojo wake ulikuwa umeanza kuonyesha protini, dalili kwamba machujio ya figo yanavuja. Jamaa tulifanya harambee, akapelekwa Nairobi kupasuliwa ili apunguze uzito.

Ndugu msomaji, upasuaji huo una njia kuu mbili. Katika ya kwanza, takriban asilimia 80 ya tumbo la chakula hukatwa na kuondolewa. Katika ya pili, hutengwa kifuko kidogo cha tumbo na kuunganishwa na utumbo mwembamba, chakula kikapita njia ya mkato. Mabadiliko hayo huongeza homoni za utumbo zinazolisaidia kongosho kutoa insulini. Ndiyo maana sukari aghalabu hushuka siku chache baada ya upasuaji, hata kabla uzito haujapungua sana.

Ndivyo ilivyokuwa kwa senge. Aliacha sindano za insulini, na majirani wakasema, "Amepona!" Naye akaitia kadi ya kliniki sandukuni.

Je, alikuwa amepona? Utafiti wa Cleveland, Marekani, ulioanza na wagonjwa 150, ulitoa matokeo ya miaka 5 mwaka 2017. Kiwango cha sukari kilichokusudiwa kilifikiwa na asilimia 29 ya waliochepushiwa utumbo, asilimia 23 ya waliokatwa tumbo, na asilimia 5 tu ya waliotegemea dawa pekee. Kuhusu figo, utafiti wa Brazili wa mwaka 2020 ulihusisha wagonjwa 100 ambao figo zao zilikuwa zimeanza kuathirika. Baada ya miaka 2, uvujaji wa protini ulikoma kwa asilimia 82 ya waliopasuliwa na asilimia 55 ya waliotumia dawa. Faida hiyo ni kubwa, lakini haimfikii kila mtu, wala haina hakikisho la kudumu. Isitoshe, kuchepusha utumbo kwaweza kuzidisha mawe ya figo, na aliyepasuliwa huhitaji vitamini maisha yake yote.

Kwa sababu hiyo, mwaka 2021 jopo la wataalamu wa kimataifa liliepuka kusema kwamba mgonjwa wa namna hii amepona. Lilichagua neno lenye maana ya maradhi kulegea, na kigezo chake kikawa wastani wa sukari ulio chini ya asilimia 6.5 kwa angalau miezi 3 bila dawa. Tena likasisitiza kwamba mgonjwa aendelee kupimwa angalau mara moja kila mwaka.

Katika Kiswahili, aliyepona hurudi shambani, harudi hospitalini. Mimi naona kitenzi "kutulia" kinafaa zaidi. Bahari hutulia, na nahodha haachi usukani. Simba mwenda kimya ndiye mla nyama. Nilipomweleza senge kwamba sukari yake imetulia ila haijaondoka, aliniuliza, "Basi mwanangu, nani anailinda isiamke?" Juma lililofuata aliitoa kadi, akaenda kupima damu na mkojo.

Figo zikishindwa kabisa, mgonjwa hutegemea mashine ya kusafisha damu, aghalabu mara mbili au tatu kwa wiki. Kwa mtu wa Keringet, hiyo yaweza kuwa safari ya kupitia Molo hadi Nakuru, wiki baada ya wiki. Napendekeza, basi, istilahi "utulivu wa kisukari" ijadiliwe katika madarasa yetu ya isimu na kupelekwa kwa wauguzi wanaozungumza na wagonjwa kwa Kiswahili kila siku. Wenye istilahi bora zaidi na wailete.