Kutoka Kikuubo Hadi Wakaliga: Safari ya Kutazama Sinema Inapotengenezwa

Ikiwa umepata kufika Kampala na hukupita Kikuubo, basi Kampala hujaiona bado. Ni kichochoro tu, na jina lenyewe kwa Kiganda halidai ukubwa zaidi ya huo, kilichobanwa na majumba ya maduka karibu na Mtaa wa Luwum. Lakini humo ndimo ipitamo sabuni, sukari, mafuta ya kupikia na madaftari yatakayouzwa rejareja katika vijiji vingi vya Uganda, na mengine huvuka mpaka hadi Sudan Kusini na Kongo. Mtu hatembei Kikuubo, hupisha. Humpisha mchukuzi mwenye magunia kichwani, akageuka kuipisha bodaboda, na kabla hajavuta pumzi hupigiwa ukelele na mwenye mkokoteni.

Nilifika hapo katika likizo ya Septemba, 2019, pamoja na mwanangu wa kiume mwenye umri wa miaka tisa, kununua madaftari ya muhula wa tatu. Tulisimama dukani kwa mama mmoja ambaye humwita kila mnunuzi wa madaftari Mwalimu, na kwangu mimi hakukosea sana, maana cheti cha ualimu ninacho ingawa sasa nakaa ofisini. Mtoto alikuwa akisoma maandishi ya makatoni yaliyopangwa hadi darini. Mengi yalitoka China. Ghafla akaniuliza, "Baba, lile kasri la mfalme tulilolitazama kwenye video, nalo liko huko yanakotoka makatoni haya?"

Nikamjibu kwamba liko, na kwamba huenda si la mfalme yeyote. Katika jimbo la Zhejiang kuna mji uitwao Hengdian. Mwaka 1996, mwenye viwanda mmoja wa hapo, Xu Wenrong, alijenga mtaa mzima wa kale ili mwongozaji Xie Jin apige picha ya Vita vya Kasumba. Picha ilipokwisha, mtaa haukubomolewa. Yakafuata majumba ya mfalme wa Qin, kisha mfano wa kasri kuu la Beijing, na leo watu hukata tiketi kwa mamilioni kila mwaka kwenda kutembea mahali ambapo hakuna mfalme aliyelala hata usiku mmoja.

Lakini iko habari nyingine ya China ambayo mimi huipenda zaidi, na nadhani wewe msomaji uliyeko kambini utaipenda pia. Karibu na mji wa Yinchuan, katika Ningxia, kulikuwa na ngome za udongo za Zhenbeibao, zilizojengwa kuweka askari wa mpakani katika zama za wafalme. Askari walikwisha ondoka zamani. Wakabaki wachungaji na mbuzi wao. Mwandishi Zhang Xianliang, aliyepelekwa kufanya kazi ya kulazimishwa katika mashamba ya upande huo, aliziona kuta hizo zinavyosimama peke yake jangwani, akazikumbuka. Miaka ilipobadilika akawaonyesha watu wa sinema. Mwaka 1987 Zhang Yimou alipiga hapo sehemu ya picha yake ya kwanza, iliyopata zawadi kuu ya Berlin mwaka uliofuata, na mwaka 1993 Zhang Xianliang akapageuza kuwa kiwanda cha sinema chenye kiingilio. Mtaji wake ulikuwa kuta zilizokwisha bomoka nusu na jicho la kuona thamani yake.

"Na kwetu?" mtoto akauliza.

Mama wa duka alinitangulia kujibu. "Wako vijana wa Wakaliga, Mwalimu. Lakini wale wanacheza tu."

Basi tukafunga madaftari kwa kamba, tukapanda teksi ya Natete.

Wakaliga ni mtaa wa watu wa kipato kidogo, upande wa Rubaga. Hakuna lango la marumaru. Tulipita nguo zilizoanikwa na kuku waliokuwa wakiparura, tukaingia katika ua wa nyumba ya kawaida, na hapo ndipo penyewe. Nabwana Isaac, aliyekuwa mfyatua matofali, alianzisha hapa mwaka 2005 kampuni ya Ramon, ambayo walimwengu huiita Wakaliwood. Kompyuta za kuunganishia picha alizikusanya vipande vipande kwa mkono wake. Mwaka 2010 alitoa "Who Killed Captain Alex?", hadithi ya ofisa wa jeshi letu anayepambana na genge la wahalifu, kwa gharama ambayo haikufikia dola 200 za Marekani. Mwenyewe siku ile hakuwapo, ila vijana walitupokea vizuri.

Askari atakayefika hapo atacheka kwanza, kisha atanyamaza. Bunduki ni za mbao na mabomba ya chuma, zimechongwa na kuchomelewa kwa uangalifu ambao ungemridhisha mtunza ghala la silaha akizitazama kutoka mbali. Helikopta ni kiunzi cha vyuma chakavu; kuruka kwake hufanywa ndani ya kompyuta. Damu hapo mwanzo ilikuwa ya ng'ombe, hadi mchezaji mmoja alipougua kwa sababu yake, ndipo wakahamia rangi ya chakula, ambayo hutiwa katika vifuko vya mpira na kupasuliwa kifuani. Mwanangu alikabidhiwa bunduki, akaambiwa afe. Alikufa mara tatu, kila mara vizuri zaidi.

Wageni hutoka Ulaya na Marekani kuja kufa namna hiyo. Alan Hofmanis, Mmarekani wa New York, alitazama kipande kifupi cha Captain Alex, akaja Kampala kuona kwa macho, na akahamia hapa. Ndiye aliyecheza katika "Bad Black", ambayo mwaka 2016 ilipata zawadi ya watazamaji katika tamasha la Fantastic Fest huko Texas. Nami mkazi wa Kampala, niliyelelewa na vibanda vya video ambamo mfasiri hugeuza Kichina kuwa Kiganda kwa kipaza sauti, nilikuwa nafika Wakaliga kwa mara ya kwanza.

Jambo moja lilinisumbua. Nakala halisi ya Captain Alex haipo tena. Kompyuta ilikuwa imejaa, picha nyingine ilikuwa inangoja nafasi, basi ile ya kwanza ikafutwa. Kinachotazamwa leo duniani kimetokana na nakala ya diski. Wachezaji waliziuza diski hizo nyumba kwa nyumba kabla ya wanakili wa mjini hawajawahi soko. Mahali panapoishi hivyo huweza kutoweka msimu mmoja tu, na hatutajua kwamba tulikuwa napo.

Nasema hivyo kwa sababu limekwisha tutokea. Mwaka 1951 mwongozaji John Huston alipiga "The African Queen" katika Kongo na hapa Uganda, huko Butiaba katika Ziwa Albert na karibu na maporomoko ya Murchison. Humphrey Bogart akapata Oscar. Mashua ya mvuke iliyoonekana katika picha ile ilikuwa chombo cha kazi kilichoundwa Uingereza mwaka 1912 na kutumika miaka mingi katika maji ya pande hizi. Leo iko Key Largo, Florida. Ilikarabatiwa mwaka 2012, na watalii wa Marekani hulipa nauli kuzunguka nayo. Butiaba pana wavuvi na upepo, wala sikuwahi kuona hata kibao cha kumweleza mpita njia kilichofanyika pale.

Tulirudi Kikuubo jioni kuchukua sabuni tuliyokuwa tumeiacha kwa yule mama. Akamwuliza mtoto ameona nini. Mtoto hakusema neno. Alishika kifua, akayumba, akaanguka chali juu ya magunia ya chumvi, na wachukuzi wawili wakasimama na mizigo yao kichwani kumtazama.

"Kiingilio shilingi ngapi, Mwalimu?" mama akauliza.

Nikamwambia hatukukatiwa tiketi, tulitoa tulichojaliwa.

"Basi hawajui biashara," akasema. Kisha, akihesabu chenji yangu, akauliza kama Jumapili huwa wapo.