Shoka Lilipotangulia Shauri

Mimi ni karani wa parokia, na kazi yangu ni kuandika. Leo naungama neno moja nisiloliandika.

Miaka michache iliyopita barabara ilipimwa ipite kijijini kwetu. Nikaombwa niandike maneno ya mkutano. Bibi mmoja akasimama akasema, "Barabara tunaitaka, wanangu. Lakini mbona isipite ng'ambo ya kijito, yakapona makaburi?" Watu wakacheka. Nami, niliyesoma chuo cha ualimu, nikacheka nao, kalamu nikaiweka chini. Barabara ikapita makaburini. Bibi yule bado hunisalimu kwa upole, na salamu yake hunichoma.

Nimemkumbuka niliposoma habari za Mumbai, mji mkubwa wa India. Huko treni hujaa hata watu huning'inia milangoni, na wengi hufa kila mwaka. Ndiyo maana ikapangwa reli mpya ya chini ya ardhi, urefu wake kilometa 33.5, yenye stesheni 27. Ugomvi ulitokea juu ya banda la kulaza treni, lililopangwa kujengwa katika msitu wa Aarey, wanamokaa Waadivasi, wenyeji wa asili. Wengi waliopinga hawakuikataa reli. Walitaka banda tu lijengwe pengine.

Tarehe 4 Oktoba 2019 Mahakama Kuu ya Bombay ikayatupa maombi yao. Usiku uleule miti ikaanza kukatwa. Tarehe 7 Mahakama ya Juu ya India ikazuia, lakini miti zaidi ya 2,000 ilikuwa imekwisha anguka. Mwaka 2020 serikali ya jimbo ikaamua kulihamisha banda. Mwaka 2022 serikali nyingine ikalirudisha Aarey. Treni zikaanza kupakia watu Oktoba 2024, na reli nzima ikafunguliwa Oktoba 2025.

Wasafiri wamepata nafuu, wala wajenzi tusiwanyime sifa yao. Lakini je, shoka lisingeweza kungoja siku tatu? Mti ulioanguka hausimami tena kwa amri ya hakimu. Wala kaburi.

Basi, ndugu msomaji, siku wapimaji watakapofika kwenu, nenda mkutanoni, useme mapema, wala usimcheke anayeuliza. Nawe karani mwenzangu, andika maneno ya wote, hata ya bibi mmoja. Anayeuliza njia ipite wapi si adui wa njia.