Nilimchagulia jaketi kubwa, nikidhani atanenepa

Mimi ni fundi cherehani hapa Nungwi. Kila mzazi anayeniletea kitambaa cha sare namwambia, tuache upindo, mtoto anakua. Mazoea hayo nusura yaniponze kwa mwanangu mwenyewe.

Ana miaka 19, anasaidia kuongoza wageni wanaozamia kuangalia samaki Mnemba. Siku moja akaniambia, "Mama, nataka jaketi langu mwenyewe la kuzamia." Si lile la kujiokoa linalovaliwa kwenye boti. Hili hufungwa pamoja na mtungi wa hewa mgongoni. Ukibonyeza kitufe linajaa hewa, unaelea; ukiitoa hewa, unashuka. Wenyewe wanaliita bisidii. Nikaona ni mambo ya ujana tu, maana kazini wanaazimwa bure.

Mwalimu mmoja mgeni, aliyekuwa akirudi kwao, alikuwa anauza mawili. Kubwa laki nne, dogo laki sita na nusu. Fedha yenyewe ya kikoba! Nikashika kubwa. Mwanangu ni mwembamba kama ufito, lakini nikasema atanenepa.

Tukalijaribu ufukweni, maji ya kifua. Alipolijaza hewa, jaketi likapanda hadi masikioni, yeye akabaki chini, kichwa kinachungulia kama kobe. Mtungi ukawa unamyumbisha huku na huku. Mimi na cherehani yangu ya miaka ishirini nikaona aibu.

Dogo lilimkaa. Hata lilipojaa kabisa, alivuta pumzi bila kubanwa mbavu, na mtungi ukatulia mgongoni. Nikataka kulipa. Akasema, "Bado, Mama." Akaomba tulale nalo.

Jioni akalijaza hewa, akaliacha sebuleni. Asubuhi limenywea. Tukalipaka povu la sabuni, kama fundi baiskeli anavyotafuta pancha, vipovu vikatoka kwenye vali ya begani. Kumbe ni kijipira cha ndani kimechakaa. Kikabadilishwa, na mgeni akatupunguzia elfu hamsini.

Kitufe ndicho alichokikagua kuliko vyote. Alikibonyeza na kukiachia mara nyingi, akisikiliza. Nikamwuliza anatafuta nini. Akanieleza kwamba chumvi ikiganda ndani, kitufe hukwama na hewa ikaingia yenyewe. Mita 10 chini ya maji shinikizo ni mara mbili ya juu, kwa hiyo hewa iliyo ndani ya jaketi hutanuka kadiri unavyopanda. Usipoiwahi kuitoa, inakurusha juu mbio, na kupanda mbio kunaweza kupasua mapafu.

"Na hayo ya kuazima, vitufe vyake vizima?"

Akaangalia chini. "Lilinikwamia moja, mara moja. Nikawahi kuchomoa mpira wa hewa."

Hakuwa ameniambia. Baba yake alikuwa mvuvi, najua wanaume wa baharini wanavyoficha mambo, lakini huyu nilidhani ananiambia yote. Nikaenda kulipa, sikuongeza neno.

Sasa kila akirudi analiosha kwa maji baridi, nje na ndani, anaingiza maji, analitikisa, anayamwaga. Ndoo nzima, na maji yenyewe hapa ya kugombania. Kisha analitundika kwenye henga barazani kwangu, katikati ya magauni ya wateja, limejaa hewa kidogo. Juzi mama mmoja akaniuliza nashona kwa bei gani.