Advansi nimekula, Kijapani sikijui!

Msomaji wangu, hivi umewahi kula advansi ya kazi ambayo hujui hata inaanzia wapi? Mimi nimewahi. Tena niliila ikaisha yote, ndipo nikakaa chini kuitazama kazi yenyewe.

Ilikuwa mwaka 1997, Sumbawanga. Nyie wa Dar mnaolala na feni hamwijui baridi ya Ufipa ya mwezi wa saba. Uwanda wetu umeinuka katikati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, upepo unakatiza bila kuomba njia, na binti akishamaliza kupika hana la kufanya ila kujikunyata na sindano ya kroshia. Mimi nilikuwa na sababu nyingine ya kujikunyata. Nilikuwa nimepata ziro ya fomu foo, nikawa nakwepa watu mtaani. Kufuma vitambaa vya makochi ndiyo ikawa kazi yangu, na moyoni niliihesabu kuwa kazi ya waliofeli.

Sasa, jirani yetu alikuwa mwalimu wa kike kutoka Japani, wale wa kujitolea ambao walianza kuja Tanzania mwaka 1967, wanakaa miaka miwili kisha wanarudi kwao. Muda wake ulipokwisha akagawa vitu. Wengine wakapata sufuria, wengine redio. Mimi alikuwa akiniona kibarazani na sindano yangu, basi akanipa kitabu cha kroshia. Picha zake, wacha bwana! Kulikuwa na kitambaa cha duara chenye mananasi pembeni, chepesi kama utando wa buibui. Maandishi yote Kijapani.

Nikamwonyesha mama mmoja, mke wa bosi fulani, nia yangu kujishaua tu. Mama akakodoa macho. Akataka seti nzima: sita vya makochi na kimoja cha meza, binti yake ana sendofu baada ya wiki sita.

"Utaweza?"

"Mama, hiki mbona kitu kidogo!"

Akatoa nusu ya pesa pale pale. Sehemu ililipa deni la dukani, iliyobaki nikanunulia viatu vya mchuchumio. Usicheke. Mitaa yetu ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika, na mimi nikanunua mchuchumio.

Ndipo nikafungua ukurasa. Loh! Chini ya picha palikuwa na mchoro kama ramani ya mji usioujua. Vidude vyenye umbo la yai, T zenye kimstari kimoja shingoni, T zenye vimstari viwili, vitone vyeusi, pembetatu nyeupe, pembetatu nyeusi. Na X. X tele! Mtu aliyetoka kupata ziro akiona X anajua maana yake: kosa. Nikaamua kwamba kila penye X ni pa kuruka. T nazo nikadhani ni herufi za Kijapani. Nikafuma kwa kukisia picha.

Siku nne baadaye nilikuwa na kitu kilichojikunja kama bakuli. Nikafumua. Nikafuma tena, safari hii pembeni kukajikunja kama jani la kabichi. Nikafumua mpaka uzi ukaanza kuota manyoya. Wiki mbili zikakatika hivyo. Mama mwenye seti akipita barabarani, nazima redio, najifanya sipo.

Kasheshe hiyo ikiendelea, akaja shangazi yangu kutoka Matai kutibiwa mguu. Shangazi hakukanyaga darasa hata siku moja. Kroshia alifundishwa na masista wa misheni, na sindano yake ilikuwa ya spoku ya baiskeli iliyosuguliwa jiweni mpaka ikatoa ndoano. Nilipomwona tu nikakificha kitabu chini ya mto. Nilijiambia, kama fomu foo imeshindwa, yeye atanisaidia nini? Ukweli ni kwamba niliona aibu.

Asubuhi nikamkuta kibarazani, kitabu mapajani, anacheka peke yake.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Huyu aliyechora hapa ni mfumaji kweli. Kachora uzi."

Nikakaa. Akaweka ncha ya spoku katikati ya mchoro. Kumbe hauanzi juu kushoto kama unavyosoma gazeti, unaanzia kitovuni na kutoka nje. Vile viyai ni mnyororo, akavihesabu, vinane. Kitone cheusi ni pale unapofunga kwa kuvuta uzi tu bila kuongeza kimo. T yenye kimstari ni nguzo, na kimstari ni uzi unaouzungusha kwenye sindano kabla ya kuchomeka. Vimstari viwili, unazungusha mara mbili, nguzo inarefuka.

"Tazama kitambaa chako," akasema. "Uzi umelala shingoni mwa nguzo hivyo hivyo. Hujawahi kuuona?"

Sikuwahi. Miezi yote ile nafuma, sijawahi kuitazama nguzo yenyewe.

T tupu, isiyo na kimstari, ilitusumbua mpaka jua la mchana. Nayo uzi unazungushwa mara moja, ila unavutwa kwa mkupuo kwenye vitanzi vyote vitatu, ndiyo maana inabaki fupi.

"Na X?" nikauliza.

"Hiyo ni ile fupi zaidi, ya kuchomeka bila kuzungusha."

"Shangazi, X si ni kosa?"

"Nani kasema? Mimi sijawahi kupewa X, wala vema. Hapa naona uzi umepishana tu."

Nikanyamaza. Kumbe bakuli langu lilitokana na X nilizoziruka! Na kabichi? Ile minyororo mitatu ya kupandia mzunguko ilikuwa yenyewe nguzo ya kwanza. Mchoro ulitaka nguzo 24 pamoja nayo. Mimi nilifuma 24 juu yake, zikawa 25, na kila mzunguko nikazidisha vile vile.

Lakini nami nilikuwa na langu. Shangazi alijua kuhesabu, tarakimu hakuzijua. Mimi ndiye niliyegundua kwamba vile vinamba 1, 2, 3 ni mpangilio wa mizunguko, na kwamba tunakwenda kinyume cha saa. Pembetatu nyeupe nikaotea kuwa ni pa kuungia uzi, nyeusi pa kukatia, na kweli. Tukabishana juu ya nguzo zilizosimama pamoja. Mwisho tukaelewa: zikigusana miguu, zote zinachomekwa tundu moja, miguu ikiachana juu ya mnyororo, unapitisha sindano chini ya mnyororo mzima na kuukumbatia. Bila hilo nanasi halitoki.

Siku ya sendofu nilikuwa na vitambaa vinne kati ya saba. Mama alinisema, tena mbele ya wageni, na vitatu vya mwisho akavikata bei. Mchuchumio nikauza kufidia uzi. Ila wageni wawili wa siku ile waliniita pembeni wakauliza, "Nasi unaweza kutufumia?" Safari hii niliomba siku tatu kwanza niutazame mchoro.

Baada ya miaka mingi nikaja kujua majina. Mnyororo kwa Kijapani ni kusari, na maana yake ni mnyororo kabisa. Nguzo ni naga, ndefu. Ya vimstari viwili ni naganaga, ndefu-ndefu, kama sisi tunavyosema pole pole. Tundu moja la kufuma huitwa me, jicho. Ile 2/0 iliyokuwa pembeni mwa picha ni sindano ya milimita 2, unene wa spoku ya shangazi. Japani alama hizi zimewekwa kwenye kiwango cha taifa, JIS, kama huku tulivyo na TBS, kwa hiyo ukizijua katika kitabu kimoja hutapotea katika kingine. Wazungu ndio wenye vurugu: jina lile lile Mwingereza analitumia kwa fundo moja na Mmarekani kwa jingine. Mchoro hauna ugomvi huo.

Lakini nililotaka kukwambia ni hili. Kabla ya kurudi Matai, shangazi aliomba kalamu na karatasi. Nikampa daftari langu la hesabu la fomu foo, upande wa nyuma. Akaishika kalamu kama sindano, akachora viyai, akachora T, mchana kutwa, ulimi nje. Ulikuwa mtindo wa kitambaa aliofundishwa na mama yake, ambao hakuna mwingine nyumbani aliyeujua. Wazee wa Ufipa walifuma nguo za pamba kwa mikono yao katika karne ya 19. Nguo za dukani zikaja, kazi ile ikafa. Nadhani shangazi alikuwa na wasiwasi wa namna hiyo, ingawa aliniambia tu, "Usije ukasahau."

Amefariki mwaka 2009. Mwaka jana nikaitoa ile karatasi, nikaifuma mzunguko kwa mzunguko. Mzunguko wa sita kukajikunja kidogo. Nikahesabu: shangazi alizidisha nguzo moja. Nilichukua kalamu niweke alama pale, mkono ukagoma. Nimeifuma hivyo hivyo. Kitambaa kiko mezani kwangu, na wageni wakiuliza mbona upande huu umeinuka, nawaambia ndivyo kilivyoandikwa.