Bei ya Rupia Mbili

Mwaka 1995, katika kiduka kimoja cha vitu vya kale huko Mji Mkongwe, Unguja, nilinunua reali ya Maria Theresia kwa shilingi 15,000. Fedha hizo zilikuwa zaidi ya nusu ya mshahara wangu wa ualimu. Muuzaji alinionyesha mwaka uliochapwa juu yake, 1780, akasema, "Mwalimu, hii ina zaidi ya miaka mia mbili." Nikajiona nimeokota dodo chini ya mnazi.

Aliyenifumbua macho ni sonara mmoja wa Kariakoo. Aliiweka kwenye mizani yake ndogo, ikasoma gramu 28. "Fedha yake njema," akasema, "ila mwaka huo usikupumbaze." Kumbe Maria Theresia, mtawala wa Austria, alifariki mwaka huohuo wa 1780, na kwa kuwa wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, Uhabeshi na Pwani yetu walikuwa wameizoea sarafu yenye sura yake, iliendelea kuchapwa kwa mwaka uleule, Vienna na, katika karne ya ishirini, hata London, Roma na Bombay. Yangu huenda ilichapwa baba yangu akiwa kijana. Sehemu 833 katika kila 1,000 ni fedha safi, na thamani ya fedha hiyo haikufika hata robo ya nilichotoa.

Tangu siku hiyo sikununua tena bila kupima. Kwanza najua uzito na madini, maana hapo ndipo bei inapoanzia. Kisha nauliza ngapi zimebaki, na katika hali gani. Bei ya kuombwa siiamini sana, hata iwe imeandikwa kitabuni. Natafuta iliyolipwa kweli mnadani, jambo ambalo siku hizi intaneti imelirahisisha. Na lipo swali moja dogo ambalo limeniokoa mara nyingi kuliko vitabu vyote: "Je, nikikuletea hii kesho, utainunua kwa kiasi gani?" Wengi hukohoa kabla ya kujibu.

Chukua rupia za Wajerumani, ambazo wazee wetu walilipia kodi. Rupia moja yenye sura ya Kaisari Wilhelm II ilichapwa miaka mingi, nayo hupatikana bila taabu. Rupia mbili ilichapwa mwaka 1893 na 1894 tu. Ukiziweka pamoja ni kama mtu na mdogo wake: kofia ileile ya vita, simba na mnazi vilevile upande wa pili. Hiyo kubwa ina fedha maradufu, lakini bei yake ni mara nyingi zaidi, na zote mbili ni changa kwa reali yangu kama ungefuata miaka iliyoandikwa.

Nilikuwa nayajua haya yote mwaka 2008, mama mmoja jirani yetu, mjane, aliponijia na kopo la maziwa. Alikuwa na sarafu saba za marehemu mumewe. Mtoto alikuwa amefukuzwa shule kwa ajili ya ada. "Mwalimu, wewe ndiye unayezijua. Kila moja elfu kumi, hata kama ni nyingi utanipunguzia." Sita zilikuwa za kawaida. Ya saba ilikuwa rupia mbili ya 1893.

Alikuwa ameisugua kwa majivu na ndimu ili nipendezwe nayo, na usuguaji huo huharibu uso wa sarafu na kuishusha bei. Nikajishika na kosa hilo kama mfa maji. Nilijiambia imeharibika, nilijiambia bei ametaja mwenyewe, tena zile sita nazilipia zaidi ya thamani yake. Nikampa elfu sabini. Alinishukuru kwa mikono miwili.

Usiku mke wangu aliniuliza kwa nini siwashi taa kuitazama, kama nilivyozoea nikipata mpya. Sikuwa na jibu. Hata ikiwa imesuguliwa, sarafu kama hiyo ililipiwa dola kadha wa kadha kule Ulaya, na mimi ndiye niliyekuwa nikimlaani yule mwenye kiduka cha Unguja kwa miaka kumi na mitatu.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwake na shilingi laki mbili. Haikuwa bei kamili. Ndizo nilizoweza kukopa, na nyingine nilimpelekea kidogo kidogo hadi mwisho wa mwaka. Alizihesabu zile noti, akazihesabu tena, kisha akaniangalia.

"Mwalimu, kwani siku ile ulikuwa unajua?"

Nikamwambia nilikuwa najua.