Konveta Iliyokataa Kuingia



Waumini wa parokia za jirani wametuuliza kwa nini gari la seminari halikuonekana vigangoni mwishoni mwa Kwaresima. Wengine wamekwisha kupata jibu lao: eti fundi ameliharibu. Fundi huyo ni muumini wa kigango kimoja hapa hapa, ana mke na watoto, na kazi anaipata kwa jina lake. Sisi mafrateri tuliolala naye chini ya gari siku zote hizo tunaona ni haki tuseme tulichokiona.

Gari letu ni la otomatiki, halina klachi ya mguu. Kati ya injini na gia boksi kuna chombo cha duara, kama sufuria mbili zilizofunikana, ambacho mafundi hukiita konveta. Ndani yake kuna mapanga na oili: injini inazungusha upande mmoja, oili inausukuma upande wa pili, gari linaondoka. Shingo ya konveta hiyo hiyo ndiyo inayozungusha pampu ya oili ya gia boksi. Ya zamani ilikuwa imechoka. Gari lilitetemeka kila lilipofika kilometa 60 kwa saa, na oili tuliyoimwaga ilikuwa nyeusi, inanuka kuungua. Konveta orijino ilizidi uwezo wetu, basi Padre mhasibu akaagiza ya kampuni nyingine kutoka duka moja la spea Dar es Salaam. Fedha hiyo ilikuwa michango ya jumuiya ndogo ndogo, na kila mmoja wetu aliijua ilivyokusanywa.

Siku ya kufunga, gia boksi iligoma. Ilipandishwa kwa jeki, ikaikaribia injini, ikabakiza uwazi ambao penseli ingepita. Dereva wetu, mzee tunayemheshimu sana, akasema, “Wanangu, kazeni bolti, itajivuta yenyewe.” Fundi akaweka spana chini. “Mzee wangu, nikikaza hapa pampu inapasuka.” Akashusha gia boksi yote upya, na jioni ile ile ikasemwa kwamba anavuta siku ili alipwe zaidi.

Konveta ikiingia kwenye gia boksi hushika vitu vitatu: meno ya shafti, meno ya steta, na pampu. Unaisukuma huku ukiizungusha taratibu, na kila inaposhika inazama kidogo kwa mlio, ko! Wengi huridhika na milio miwili, na hapo ndipo pampu nyingi hufia. Fundi alishuku hilo kwanza. Tulihesabu pamoja: mitatu. Bado hakuridhika. Akalaza rula ya chuma kwenye mdomo wa gia boksi, akapima kutoka pale hadi kwenye vikalio vya bolti vya konveta, kisha akaiweka ile ya zamani na kupima tena. Kipimo kilikuwa kile kile. Kwa hiyo ilikuwa imezama yote, na kizuizi kilikuwa upande wa injini.

Mbele ya konveta kuna kitovu kinachoingia kwenye tundu la mwisho wa krenkishafti, ili konveta ikae katikati. Frateri mmoja alileta chaki ya darasani, tukakipaka kitovu, tukasukuma tena. Chaki ikakwanguka ukingoni, pande zote. Venia ikamaliza ubishi: kitovu cha mpya kilikuwa kinene kwa karibu milimita 2. Ilikuwa konveta ya injini nyingine. Matundu ya bolti yalilingana kabisa, na tunadhani ndiyo yaliyomdanganya muuzaji.

Mmoja wetu alipendekeza kitovu kikerezwe. Inawezekana, kwa mkerezaji hodari. Lakini kikikosea kidogo tu, konveta inazunguka ikiyumba, inakula sili na bushi ya pampu, oili inavuja, na mchango wa watu umekwenda. Tulikataa.

Dukani walisema spea ikishatoka hairudi. Tukawatumia picha za venia, ya zamani na mpya ubavu kwa ubavu, na Padre Gombera akapiga simu mwenyewe. Siku ya nne wakakubali kubadilisha, nauli juu yetu. Katikati ya hapo ilipita Jumapili ya Matawi. Vigango viwili padre alivifikia kwa pikipiki. Cha tatu, ng'ambo ya mto, katekista aliongoza Ibada ya Neno. Usiku mmoja wa mvua padre aliitwa kwa bibi mgonjwa, akaenda na mafuta matakatifu nyuma ya bodaboda. Alimkuta hai.

Konveta ya pili ilisema ko mara tatu, na gia boksi ikaifuata injini kwa kusukumwa na mikono tu. Kabla ya kuifunga kwenye flaiwili, fundi aliizungusha kwa kidole, ikazunguka bila kukwama, akapima nafasi iliyobaki: milimita 4. Hapo ndipo alipocheka mara ya kwanza tangu kazi ianze. Akachagua zile bolti fupi za mwanzo, kwa kuwa ndefu hubonyeza uso wa konveta na kuiharibu kwa ndani.

Jumatano Kuu gari lilivuka mto. Fundi aliomba ujira wa siku moja kwa kazi ya siku zote hizo. Padre mhasibu alimlipa zote. Dereva wetu hadi leo anashikilia kwamba bolti zingeivuta. Fundi akimsikia humwamkia, “Shikamoo mzee,” na kuingia tena chini ya gari.